Kiti Kilichogoma Kupanda

Baiskeli yangu, au kinga kama tunavyoiita hapa Baraka, ina kiti kinachopanda na kushuka. Chini ya usukani, upande wa kushoto, kuna kipande cha chuma chenye ukubwa wa kidole gumba. Ukikibonyeza ukiwa umekaa, kiti kinazama pamoja nawe. Ukiinuka kidogo na kukibonyeza tena, kiti kinakufuata juu chenyewe, kinatoa sauti ndogo kama mtu anayevuta pumzi puani, kisha kinatulia. Baiskeli hiyo niliachiwa na daktari mmoja mgeni alipomaliza kazi yake huku. Aliniambia kwamba kwao watu hushusha kiti ili waruke mawe bila kuumia. Nilimshukuru sana, ingawa sijaruka jiwe tangu ujana wangu na sikuwa na nia ya kuanza upya.

Kilichonifaa mimi ni jambo jingine. Nyonga yangu ya kulia imechoka, na mguu hauinuki tena kupita mgongo wa mbuzi. Baiskeli ya kawaida ningehitaji watu wawili wa kunipakia kama gunia. Hii ninaishusha kiti, napitisha mguu taratibu, nakaa kama mtu aliyekaa kwenye kigoda cha jikoni, najisukuma, nasimama juu ya pedali, nabonyeza, na kiti kinakuja kunipokea. Nilikitaja kiti hicho katika sala zangu za asubuhi. Mke wangu aliona nimepita kiasi, kwa sababu yeye, alisema, hajasikia akitajwa katika sala hizo tangu Pasaka.

Mimi ni katekista. Kila Alhamisi ninapeleka Komunyo kwa wagonjwa wa nyumba tano, kwenye barabara inayopanda kwenda Fizi. Nyumba ya mwisho ni ya rafiki yangu tuliyesoma naye shule ya makatekista. Amelala kitandani mwaka wa pili sasa, miguu imekufa ganzi, lakini kichwa ni kizima na ulimi ni mzima zaidi. Kwake nilikuwa nakaa hadi jua ligeuke.

Ajali ilitokea mwanzoni mwa kiangazi, nilipokuwa narudi. Nashukuru Mungu kwamba ilikuwa wakati wa kurudi, kikopo cha Ekaristi kikiwa kitupu mfukoni. Katika mteremko ule bamama huanika mihogo pembeni mwa barabara, na mbuzi huja kuikagua. Mbuzi mmoja alimaliza ukaguzi wake na kuamua kuvuka. Mkono wenye hofu hauchagui: nilikamata freni, na pamoja na freni nikakamata kile kipande cha chuma. Freni ilishika, kiti kilizama, na mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza maoni yangu, niliendelea mbele peke yangu.

Niliamka katikati ya mihogo, mweupe kuanzia kichwani hadi viatuni. Mama mwenye mihogo alikuja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, akaniita Papa, yaani Baba, kama wazee wanavyoitwa kwetu.

“Papa, unatafuta nini mu mihogo yangu?”

Nilimjibu kwamba natafuta miwani, na huo ulikuwa ukweli. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanisaidia kuitafuta, nami nikamsaidia kuianika upya mihogo yake. Mbuzi alitutazama kutoka ng’ambo ya barabara bila majuto yoyote.

Mwili wangu ulikuwa na mikwaruzo tu. Baiskeli ndiyo iliyoumia. Kiti kilikuwa kimegeuka, kinatazama ziwa badala ya njia, na kimezama hadi mwisho. Kile kipande cha kubonyeza kilikuwa kimepinda. Nilikibonyeza hata hivyo, mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mwenye akili. Kiti hakikusogea. Nilisukuma baiskeli kwa miguu hadi nyumbani, na habari zilinitangulia, maana kila niliyekutana naye alinipa pole kabla sijafungua kinywa, na wawili kati yao waliniuliza habari za mbuzi.

Jioni hiyo padri wetu alikuja. Ni kijana, katekisimu nilimfundisha mimi, na alikuwa mwanafunzi mwema isipokuwa kwenye amri ya nne, ambayo aliisahau kila wiki. Aliuliza goti, akauliza nyonga, akasali nasi. Kisha akaanza kusema taratibu, akiangalia mikono yake. Alisema nimefanya kazi ya kutosha. Neno hilo nalijua, nimewaambia watu wengi mimi mwenyewe, na maana yake si kwamba kazi inatosha. Alisema kuna ndugu mmoja wa parokia mwenye pikipiki ambaye yuko tayari kuchukua nyumba zote tano.

Juu ya ndugu huyo sina neno baya. Ni mtu wa sala na mtu wa moyo. Ila anapomtembelea mgonjwa hazimi moteri. Niliwahi kuugua malaria, akaenda mahali pangu, na rafiki yangu aliniambia baadaye kwamba Baba Yetu ya mgeni wake ilikwisha wakati yeye bado yuko kwenye “uliye mbinguni”.

Nilimwomba padri anipe nafasi. Alifikiri, kisha akasema waziwazi, na ninamsifu kwa uwazi huo.

“Kinga ikipona mpaka Alhamisi, utaenda, Papa. Isipopona, pikipiki itaenda, na itaendelea kwenda.”

Nilikubali. Mke wangu naye alikubali, upesi mno, nikajua yuko upande wa pikipiki.

Ijumaa asubuhi nilikuwa kwa fundi. Fundi wangu ni Mwislamu wa ukoo wa zamani hapa ziwani, mtu mwenye mabega mapana na kofia safi kuliko mikono yake. Tumezoeana miaka mingi. Tunabishana juu ya mambo madogo tu, makubwa tumemwachia Mungu. Anafanya kazi chini ya turubai karibu na soko, na ana sheria moja: hakuna kinga inayotoka kwake bila kubebeshwa gunia la mchanga analoliweka pale kwa kazi hiyo. Analipandisha gunia, kisha anapanda yeye juu ya gunia. Kinga za Baraka hubeba mihogo, madumu ya mawese, samaki wa Kazimia, godoro la bibi harusi na wakati mwingine bibi harusi mwenyewe. Kiti kikicheza chini ya mzigo kama huo, watu hawamsemi mwenye kinga, wanamsema fundi. Kwa hiyo yeye hukaza. Hukaza kwa ufunguo, kisha huingiza mkia wa ufunguo katika bomba la maji lenye urefu wa mkono mzima, hukaza tena. Chuma kikianza kulia, yeye hutabasamu.

Alikigeuza kiti kikatazama mbele. Pale nguzo ya kiti inapoingia katika fremu kuna bangili ya chuma inayoibana. Akaikaza bangili hiyo kwa bomba. Nami nilisimama kando nikimwambia, “Kaza tena, Fundi, barabara ni mbaya.” Akaleta gunia, akapanda juu yake. Hakuna kilichotikisika. Alishuka kama mtu aliyemaliza kujenga nyumba.

Nilibonyeza. Kiti kimya.

Fundi aliuliza kilipaswa kufanya nini. Nilimwambia kupanda. Aliuliza nani anakipandisha, nikamwambia kinapanda chenyewe. Alinitazama kwa huruma, kisha akanitazama kichwani kama kuna uvimbe.

Lakini ni fundi wa kweli. Alifuata waya kutoka kwenye kipande cha kubonyeza hadi unapoingia ndani ya fremu, akaona umechomoka pale kilipopinda. Alikinyoosha chuma kwa koleo, akaurudisha waya, akauvuta mpaka ukanyooka. Sasa nilipobonyeza nilisikia kitu kikifunguka ndani, mlio mdogo kama wa kitasa. Tulifurahi sote wawili. Kiti hakikufurahi.

Jumamosi tulifikiri ni ukavu. Grisi yake ilikuwa imebaki kidogo, na mawese hapa kwetu hayakosekani, kwa hiyo tulimimina mawese kuzunguka nguzo, tukasubiri, tukamimina tena. Nilikaa juu ya kiti ili kukibembeleza, nikiinuka na kukaa, nikiinuka na kukaa. Kiti kilibaki chini na mawese yakapanda kwenye suruali yangu. Ilikuwa suruali ya Misa, niliyoivaa mapema kwa sababu ya mazoezi ya kwaya. Jumapili nilisoma somo la kwanza mbele ya waamini wote, na nilipogeuka kurudi mahali pangu nilisikia kanisa zima likivuta pumzi. Njiani mke wangu alitembea nyuma yangu ili kunificha. Halafu akasema:

“Padri anapakaaka bantu mafuta ku kichwa. Weye, nani alikupakaa kule?”

Niliongeza mwendo, naye akaongeza.

Jumanne fundi alitoa hukumu. Alisema ile nguzo ilikufa katika ajali, kuna kitu kimevunjika ndani, na kitu hicho hakipatikani Baraka, wala Uvira, na pengine hata huko kwa daktari wangu wamekwisha kukichoka. Angeitoa yote, aweke bomba la kawaida na kulichomelea, mambo yaishe.

“Unachagua paka moja,” alisema, maana yake moja tu. “Juu ao chini.”

Nilimweleza kwamba juu siwezi kupanda. Yeye akanieleza kwamba chini magoti yatanigonga kidevu mpaka Fizi. Tulitazama ile kinga pamoja. Nilifikiri juu ya rafiki yangu anavyopenda kuanza hadithi kutoka katikati, akarudi mwanzo, akasahau mwisho, na jinsi hadithi ya namna hiyo haiwezi kusimuliwa moteri ikiwa inanguruma mlangoni. Nilimwomba fundi angoje hadi Jumatano. Alisema hata akingoja, bomba litabaki bomba, lakini alingoja.

Nilianza novena. Siku zilikuwa mbili tu badala ya tisa, basi niliisali mbiombio, nikamwomba Mungu msamaha kwa kusali kama pikipiki.

Jumatano karibu na saa sita mchana fundi alichukua ufunguo na bomba lake la kukazia ili aitoe nguzo. Bangili ilikuwa imeshika kabisa, na ilimbidi asukume kwa miguu. Ikalegea kidogo, kwa kelele. Wakati huohuo adhana ilianza. Aliuacha ufunguo ukining’inia pale pale, akanawa, akaniambia nimlindie kazi na nisiguse kitu.

Nilikaa kwenye gunia la mchanga. Nilisali kidogo. Nilikitazama kile kiti ambacho karibu kingeng’olewa, nikaona si vizuri kuachana nacho bila kusema kitu, lakini soko lilikuwa limejaa watu na siwezi kusema na kiti mbele ya watu. Basi nilinyoosha mkono nikabonyeza, kama mtu anavyogusa mkono wa msafiri.

Kiti kilipanda.

Kilipanda taratibu, chekundu kwa mawese, kikavuta pumzi yake puani, kikasimama. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, mbele ya turubai alijisogeza nyuma na beseni lake.

Sikumkimbilia fundi. Mtu aliye mbele ya Mungu haitwi kwa sababu ya baiskeli. Nilitoa rozari yangu nikaendelea kumshukuru Mungu kwa upande wangu, mpaka fundi aliporudi akiwa anashusha mikono ya shati. Alisimama.

“Nani aliinua hii kiti?”

“Iliinuka yenyewe.”

Hakubishana. Alikishusha kwa kukikalia huku akibonyeza, akaikaza bangili kwa bomba, akaniashiria nibonyeze. Kimya. Akalegeza. Nikabonyeza, kiti kikapanda. Akakaza tena, akalegeza tena. Mara ya tatu muuza ndagala alimwambia aache kukitesa.

Fundi alikuja akakaa karibu nami juu ya gunia, na tukaelewa pamoja, polepole, kama wanafunzi wawili wa nyuma darasani. Nguzo ile ni bomba ndani ya bomba. La nje lina ukuta mwembamba, na bangili ikikazwa kupita kiasi linajikunja kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni, linalibana la ndani shingoni. Ajali ilikuwa imegeuza kiti na kuchomoa waya, basi. Hayo aliyatengeneza Ijumaa kabla ya saa tano. Tangu hapo ni sisi tuliokuwa tunakinyonga kiti kwa upendo, na juu ya kunyonga tukakimiminia mawese.

“Ni mi nilimunyonga,” alisema.

Nilimwambia tulishirikiana, maana mimi ndiye niliyesimama kando nikisema kaza tena. Hilo lilimfariji, na akalirudia kwa sauti ili soko lisikie.

Nilidhani kazi imekwisha. Nilishika usukani niondoke, naye akashika gurudumu la nyuma. Alisema hawezi kuiacha kinga itoke kwake na bangili iliyolegea. Nitafika kwenye mawe, kiti kitageuka, nitaanguka tena katika mihogo, na watu watauliza nani alitengeneza. Nikamwambia akikaza, hakipandi. Akasema asipokaza, kinageuka. Nikamwambia basi tumefika mwisho wa elimu yetu. Hapo aliudhika, na fundi akiudhika ndipo akili yake inapofunguka.

Alitoa nguzo nje, akaiosha mawese yote kwa mafuta ya taa, akaifuta mpaka ikang’aa. Kisha akafungua mdomo wa gunia lake, akachota mchanga kidogo, akauchuja katika kipande cha kitenge mpaka ukabaki ule laini kabisa kama chumvi iliyosagwa. Akauchanganya na ile grisi kidogo iliyobaki, akaupaka sehemu ya chini tu, ile inayozama ndani ya fremu. Akaingiza nguzo, akairudisha bangili, akakaza. Bomba la kukazia aliliweka mbali kabisa, nyuma yake, kama mtu anayeondoa chupa mbele ya mlevi. Alikaza kwa vidole viwili. Nilimwona anaumia.

Halafu akapakia gunia, akapanda juu yake, akajizungusha kulia na kushoto. Chembe za mchanga zilishika. Kiti hakikugeuka hata upana wa unywele. Akashuka, akashusha gunia, akaniachia mimi nibonyeze. Kikashuka, kikapanda, kikashuka, kikapanda. Fundi alikwenda kunawa mikono, akanawa muda mrefu, mgongo wake ukiwa umetugeukia.

Alhamisi nilifika uwanja wa parokia mapema. Pikipiki ilikuwa imefika mapema zaidi, moteri inanguruma, ndugu yule amekaa juu yake amevaa shati jeupe. Tulisalimiana vizuri. Padri alitoka na kikopo cha Ekaristi mikononi, akanitazama, akatazama kinga.

Nilishusha kiti, nikapitisha mguu, nikakaa, nikajisukuma. Magoti yalinijia kifuani, na nadhani padri alikwisha kuanza kuandaa maneno ya kunifariji. Nilisimama juu ya pedali, nikabonyeza, kiti kikaja. Nilikaa juu yake kama askofu. Nilizunguka uwanja mara moja, kisha mara ya pili ambayo haikuhitajika, na Mungu anajua nilimwomba msamaha kwa ile ya pili kabla ya chakula cha mchana.

Padri aliniomba nisimame. Alikuja akakiwekea kiti kiganja, kama mtu anayempima mtoto homa. Alikisukuma, akajaribu kukigeuza, akashindwa. Alitazama nyonga yangu pia, lakini hiyo hakuipima. Kisha akamgeukia ndugu wa pikipiki.

“Zima moteri,” alimwambia.

Kimya kilitanda uwanjani, na katika kimya hicho akanipa kikopo.

Nilipanda taratibu. Pale kwenye mihogo nilishuka nikasukuma kwa mkono, kwa heshima ya mbuzi. Nilizunguka nyumba nne, na jua lilikuwa limepanda sana nilipofika kwa rafiki yangu. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amelala amegeukia ukuta, midomo yake inacheza upesi upesi. Nilipomsalimu aligeuka.

“Balisema leo iko pikipiki,” alisema. “Mi nilishaanza kusali mbio, isiniache.”

Nilimwambia aanze upya. Tulisali polepole, Baba Yetu neno kwa neno, akapokea Komunyo, tukanyamaza. Baadaye alitaka habari zote, za mbuzi, za mihogo, za suruali, ambayo sehemu yake ilikuwa imemfikia tayari na chumvi nyingi. Nilimweleza kuanzia katikati, nikarudi mwanzo. Alipomaliza kucheka aliniomba nimwonyeshe kitu chenyewe.

Niliingiza kinga ndani, nikaiegemeza kitandani, usukani karibu na kifua chake. Mkono wake wa kushoto ndio una nguvu. Nilikiweka kidole gumba chake pale panapobonyezwa, nikabonyeza pamoja naye huku nikikandamiza kiti kwa uzito wangu, kikashuka. Nikaondoa mikono yangu nikamwambia abonyeze mwenyewe. Alibonyeza. Kiti kilipanda mbele ya macho yake, kikavuta pumzi, kikasimama wima.

Alikitazama, kisha akanitazama mimi.

“Shusha tena,” alisema.

Nilikishusha. Alibonyeza. Nikakishusha tena, mchana ule sikuwa na mahali pengine pa kwenda.